Pikapu Huhukumiwa kwa Sikio: Hotuba kwa Wapiga Gitaa na Mafundi

Mabibi na mabwana, wapiga gitaa wenzangu, na ninyi mafundi mlioacha vyuma vya kulehemu vipoe ili mje kusikiliza,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuchagua pikapu ya gitaa la umeme, yaani kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, na namna ya kuipima baada ya kuipata. Nitaanza na jambo ambalo wauza vifaa wasingependa lisemwe mapema hivi: wengi wanaotafuta pikapu mpya hawajaisikia bado ile waliyo nayo. Wameipiga miaka nenda miaka rudi ikiwa imekaa juu mno au chini mno, ikipitia kebo ndefu kuliko inavyohitajika na kuingia katika amplifaya ambayo vitufe vyake havijaguswa tangu siku iliponunuliwa, kisha wakatoa hukumu kwamba gitaa lao halina sauti. Pikapu ni kiungo kimoja katika mnyororo unaoanzia kwenye vidole na kuishia kwenye spika, na hakuna awezaye kuichagua kwa haki kabla hajajua ni lipi katika mnyororo huo linalotokana nayo na ni lipi inalosingiziwa tu.

Kazi ya pikapu inategemea kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaobadilika ndani ya koili huzalisha umeme katika koili hiyo. Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka mna maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba wenye kipenyo cha takriban milimita 0.06. Uzi wa gitaa, ambao sharti uwe wa chuma au metali nyingine inayovutwa na sumaku, hupata usumaku kidogo kwa kukaa juu yake; unapotetemeka, uga unaopita ndani ya koili hubadilika kwa kufuata mtetemo huo, na umeme mdogo huanza safari ya kwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo pikapu haisikii hewa kama maikrofoni isikiavyo. Inachokipata ni mwendo wa uzi katika sehemu fupi tu iliyo juu yake. Mbao za bodi, aina ya daraja na ugumu wa shingo huweza kubadili namna uzi unavyotetemeka, lakini mambo hayo yote huifikia pikapu kwa kupitia uzi wenyewe, isipokuwa pale koili inapokuwa imelegea na kutetemeka kwa hiari yake, jambo nitakaloligusa baadaye.

Historia nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa inaeleza kwa nini tuna aina mbili kubwa za pikapu. Pikapu ya sumaku ilianza kuuzwa ikiwa ndani ya gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kutokana na kazi ya George Beauchamp katika kampuni tunayoijua leo kama Rickenbacker, na hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Haja ya wakati huo ilikuwa gitaa lisikike kati ya ala za kupuliza na ngoma. Mabishano yetu ya leo kuhusu rangi ya sauti yalikuja baadaye. Koili moja, hata hivyo, hainasi uzi peke yake. Hunasa pia uga unaotoka kwenye nyaya na transfoma za umeme wa kawaida, wenye masafa ya hezi 50 katika nchi nyingi na hezi 60 katika nyingine, na huko ndiko unakotoka ule mvumo usiokoma. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliutafutia mvumo huo dawa kwa kuweka koili mbili kando kwa kando, ncha za sumaku zikiwa zimeelekezwa kinyume na koili zikiwa zimeunganishwa kinyume pia, hivi kwamba mvumo unaoingia katika koili zote mbili hujifuta wakati ishara ya uzi inajumlishwa. Maombi ya hataza yaliwasilishwa mwaka 1955 na hataza ikatolewa mwaka 1959. Hiyo ndiyo hambaka. Naomba mkumbuke kwamba Lover alikuwa akitafuta ukimya. Unene wa sauti uliokuja nao ni matokeo ya koili mbili kuunganishwa mfululizo na kusoma sehemu pana zaidi ya uzi.

Unene huo unatokeaje? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu asiyelielewa jambo hili atabaki kuchagua pikapu kwa rangi ya kifuniko. Koili ya pikapu ina ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ina pia indaktansi, yaani ukaidi wake dhidi ya mabadiliko ya mkondo, inayopimwa kwa henri. Na ina kapasitansi ndogo, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, inayotokana na waya kulaliana, ambayo hujumlika na kapasitansi kubwa zaidi ya kebo inayokwenda kwenye amplifaya. Indaktansi ikikutana na kapasitansi hutokea kilele cha resonansi: masafa yaliyo karibu na kilele hicho hunyanyuliwa, na yaliyo juu yake huporomoka haraka. Mahali kilele kinapokaa, na jinsi kilivyochongoka au kulala, ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita sauti ya pikapu. Kwa maneno mengine, pikapu ni kichujio.

Tuchukue pikapu ya koili moja ya mtindo wa Stratocaster, lile gitaa la Fender, yenye indaktansi ya henri 2.2, na kebo ya mita tano. Kebo nyingi za gitaa zina kapasitansi inayokaribia pikofaradi 100 kwa kila mita, hivyo tukijumlisha na ile ya koili yenyewe tunapata kama pikofaradi 600, na kilele kinaangukia karibu na hezi 4,400. Hambaka ya mtindo wa zamani yenye henri 4.5, kwa kebo ileile, hupata kilele karibu na hezi 3,100. Hambaka yenye nguvu nyingi, ya henri 8, hushuka hadi karibu na hezi 2,300. Spika za gitaa zenyewe hupunguza sana kila kilicho juu ya hezi 5,000 hivi, kwa hiyo tofauti ninazozitaja zimo ndani ya eneo ambalo sikio linalisikia vizuri. Sasa irudisheni ile pikapu ya kwanza, lakini badala ya kebo ya mita tano wekeni ya mita kumi. Kilele kinatoka hezi 4,400 na kutua karibu na hezi 3,200, yaani pikapu ya koili moja imekwenda kujirani na hambaka bila bisibisi kuguswa. Mtu anayelalamika kwamba pikapu yake ni butu angeweza kuanza na kebo fupi, au na pedali yenye bafa, yaani saketi inayoikinga pikapu na mzigo wa kebo, mwanzoni mwa mnyororo, ambayo huifanya kebo inayofuata isiwe na uzito wowote kwa pikapu.

Potenshometa za volyumu na toni, yaani vile vikinzani vinavyozungushwa kwa vitufe vya gitaa, nazo zimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hukilaza kilele kadiri ukinzani wake unavyokuwa mdogo. Desturi ni kuweka kiloomu 250 kwa pikapu za koili moja na kiloomu 500 kwa hambaka. Ni desturi nzuri, lakini si amri: pikapu ya koili moja inayochoma masikio kwa kiloomu 500 inaweza kutulia kabisa ikipewa 250, na hambaka yenye giza ikiwa imefungwa potenshometa za 250 huenda inadaiwa kosa la fundi aliyeifunga.

Nije kwenye namba inayotajwa kuliko zote. Takriban kila pikapu huuzwa ikiwa imeandikiwa ukinzani wake, na wanunuzi wengi huisoma namba hiyo kama kipimo cha nguvu: kiloomu 6 ni dhaifu, 8 ni wastani, 16 ni kali. Kupima pikapu kwa omu peke yake ni kama kumchagua mwimbaji kwa kumpandisha kwenye mizani. Ukinzani hutegemea urefu wa waya, lakini hutegemea pia unene wake, unaotajwa kwa geji: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Waya wa geji ya 43 una ukinzani mkubwa kuliko wa geji ya 42 kwa takriban robo, urefu ukiwa uleule, kwa hiyo pikapu mbili zenye mizunguko sawa zinaweza kutofautiana sana kwenye multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi, bila kutofautiana kwa kiasi hicho kwenye spika. Ushahidi umo ndani ya gitaa moja linalojulikana na kila mtu hapa. Pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa jingine la Fender, ya mtindo wa zamani, iliyosukwa kwa waya mwembamba wa geji ya 43, mara nyingi husoma kiloomu sawa na ile ya darajani au hata zaidi yake, na bado ndiyo iliyo pole kati ya hizo mbili. Isitoshe, ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo pikapu inayosoma kiloomu 7.5 katika chumba cha nyuzi 20 itasoma karibu 7.8 katika chumba cha nyuzi 30. Wapo wanaobishana juu ya tofauti ya kiloomu 0.2 ambayo ingeweza kuondolewa kwa kufungua dirisha.

Siwaambii mafundi watupe multimita. Ukinzani hueleza kama waya umekatika, kama koili mbili za hambaka zimeunganishwa mfululizo au sambamba, na kama pikapu unayouziwa kwa jina fulani inalingana walau na jina hilo. Lakini anayetaka kujua tabia ya sauti aulizie indaktansi na aina ya sumaku, na mtengenezaji anayezitaja kwa uwazi ananipa imani zaidi kuliko yule anayenijazia sifa za utamu, joto na uhai.

Juu ya sumaku nitasema machache. Alniko ni mchanganyiko wa chuma, alumini na nikeli, kwa kawaida pamoja na kobalti, na hupewa namba kulingana na mchanganyiko wake. Alniko 5 ina nguvu kuliko alniko 2, na alniko 3, licha ya namba yake, haina kobalti na ni dhaifu kuliko zote mbili. Sumaku za kauri ni za bei nafuu na zina nguvu, na zimesingiziwa ukavu wa sauti ambao mara nyingi ulitokana na namna koili iliyozizunguka ilivyosukwa. Badiliko la sumaku husikika, lakini kwa kawaida ni dogo kuliko badiliko la koili, na ni dogo kuliko badiliko la milimita moja ya kimo, ambalo halina gharama yoyote.

Kuna pia suala la majina ya kale. Hambaka za mwanzo za Gibson zilibandikwa chini yake stika ya kueleza kwamba hataza imeombwa, na kwa herufi za stika hiyo, "Patent Applied For", zikaitwa PAF. Leo pikapu nyingi huuzwa kwa ahadi ya sauti ya PAF, kana kwamba sauti hiyo ni moja. Ukweli ni kwamba usukaji wa wakati huo haukuwa wa idadi imara ya mizunguko, na sumaku zilizowekwa zilikuwa za zaidi ya aina moja, ndiyo maana pikapu halisi za kipindi hicho husoma popote kati ya kiloomu 7 na 9 na hazifanani kwa sauti. Hata stika zenyewe zina vituko: ilipofika zamu ya kuandika namba ya hataza, namba iliyochapwa haikuwa ya pikapu hata kidogo, ilikuwa ya daraja na kishikio cha nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul. Anayewauzia PAF anawauzia tafsiri yake ya moja kati ya pikapu nyingi zilizotofautiana. Tafsiri hiyo inaweza kuwa nzuri sana, na isikilizwe kwa uzuri wake yenyewe.

Pikapu zenye nguvu nyingi zina historia yao pia. Larry DiMarzio alileta Super Distortion mwaka 1972, yenye sumaku ya kauri na waya mwingi, wakati ambapo njia ya uhakika ya kupata mkwaruzo mzito ilikuwa kuisukuma amplifaya ya valvu kwa ishara kubwa tangu kwenye gitaa. Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Siku hizi, hata hivyo, msukumo unapatikana kwa pedali au kwa kitufe kimoja cha amplifaya, ilhali makali yaliyopotea ndani ya koili nzito hayarudishwi kwa urahisi, kwa kuwa kuyaongeza baadaye huongeza kelele pamoja nayo. Ndiyo maana ushauri wangu huegemea upande wa pikapu yenye nguvu ya wastani, isipokuwa kwa mtu anayejua kwamba anataka ule msongamano wa sauti za kati unaoletwa na koili yenye henri nyingi. Pikapu zenye betri ya volti 9 ni habari nyingine: koili zake zina mizunguko michache, kikuza-ishara kimo ndani yake, kebo haiziathiri, na zinadai potenshometa za kiloomu 25. Huwafaa wanaotaka ukimya na usawa, na huwaudhi wanaopenda pikapu ibadilike kila volyumu ya gitaa inapopunguzwa.

Kabla hatujafika kwenye kupima, lazima niseme juu ya mahali. Uzi wa Stratocaster una urefu wa milimita 648 hivi, na pikapu ya shingoni imekaa karibu na robo ya urefu huo kutoka darajani. Katika uzi usiobanwa, harmoniki ya nne, yaani mtetemo wenye masafa mara nne ya toni ya msingi, ina kituo cha utulivu papo hapo, kwa hiyo pikapu hiyo karibu haiioni. Mkibana uzi kwenye freti, vile vipande vya chuma vilivyo shingoni, kituo hicho kinahama na sura ya sauti inabadilika. Pikapu ya darajani iko mahali ambapo uzi hutembea kidogo na harmoniki za juu zinawakilishwa kwa wingi ukilinganisha na toni ya msingi. Tofauti ya mahali ni kubwa kuliko tofauti ya modeli. Hakuna pikapu itakayofungwa darajani ikatoa sauti ya shingoni, na fedha nyingi zimepotea katika jaribio la kuilazimisha.

Kimo nacho ninataka nikae nacho, kwa sababu ndicho kitufe cha toni ambacho wengi hawajui kwamba wanacho. Mkikaribisha pikapu kwenye nyuzi, sauti inakuwa kubwa, mgongano wa kwanza wa kipigio unasikika zaidi, na besi inajaa. Mkiishusha, nguvu inapungua lakini noti zinapata nafasi ya kupumua na kila uzi unasikika peke yake ndani ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kwa pikapu za koili moja zenye vijiti vya sumaku, ukaribu una hatari zaidi: sumaku huuvuta uzi, hasa ule mnene ukibanwa kwenye freti za juu, na matokeo yake ni noti inayoyumba kana kwamba gitaa limepoteza tyuni, pamoja na mlio unaokufa mapema. Nimeona magitaa yakipelekwa kurekebishwa daraja kwa tatizo lililokuwa la skrubu mbili za pikapu. Kwa pikapu za mtindo wa zamani wa Stratocaster, pa kuanzia pazuri ni kama milimita 2.4 chini ya uzi mnene na milimita 2 chini ya uzi mwembamba, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho. Kutoka hapo, sikio lichukue usukani, robo mzunguko wa skrubu kwa kila hatua, hadi pikapu zote zipatane kwa ukubwa wa sauti. Mkiona uzi wa tatu unapiga kelele kuliko wenzake, kumbukeni kwamba vijiti vya pikapu za mtindo wa zamani vilipangwa vimo kwa ajili ya uzi wa tatu uliosokotewa waya, na wengi wetu leo tunatumia uzi wa tatu ulio wazi.

Sasa tuchukulie kwamba kimo kimerekebishwa, kebo imepunguzwa, amplifaya imeguswa, na bado kuna upungufu. Upungufu huo uelezwe kwa maneno yanayoshikika. Kusema kwamba pikapu haina roho hakumsaidii yeyote. Kusema kwamba besi ya pikapu ya shingoni inatota mtu akipiga kodi zenye mkwaruzo, au kwamba pikapu ya darajani inachoma pale gitaa linapopigwa safi, kunamwelekeza fundi moja kwa moja. Besi inayotota inaomba koili yenye indaktansi ndogo, au sumaku dhaifu zaidi, au kushushwa upande wa nyuzi nene. Makali yanayochoma yanaomba kilele kishuke au kilazwe, na huenda potenshometa ikatosha. Mvumo unaomkera mtu studioni unaomba koili mbili, iwe katika hambaka kamili au katika zile pikapu zenye umbo la koili moja zinazoficha koili mbili zilizopandana. Mlio wa kurudi unaopiga yowe kali hata nyuzi zikiwa zimezimwa kwa kiganja unaashiria koili iliyolegea, na hiyo huponywa kwa kuizamisha pikapu katika nta ya moto wa wastani, kazi ambayo ningependa ifanywe na fundi aliyeizoea.

Na sasa kupima. Fikirini namna pikapu inavyobadilishwa: nyuzi zinaondolewa, kazi inafanywa, nyuzi mpya zinafungwa, gitaa linatiwa tyuni, kisha mwenyewe anapiga kodi ya kwanza na kutamka kwamba pikapu mpya ni ya ajabu, inang'aa, ina uhai. Inawezekana. Lakini nyuzi mpya nazo zinang'aa na zina uhai, na zingeng'aa vilevile juu ya pikapu ya zamani. Sijui kosa lingine lililochangia sifa nyingi za bure kuliko hili. Anayetaka ulinganisho wa haki afunge nyuzi mpya kabla ya kuitoa pikapu ya zamani, azipige mpaka zitulie, airekodi pikapu hiyo, kisha aweke seti nyingine mpya ya nyuzi za aina ileile juu ya pikapu inayokuja na azitulize kwa kiasi kilekile.

Kurekodi ninakoshauri ni kwa gitaa kuingizwa moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia chenye mlango wa ukinzani mkubwa, bila pedali na bila amplifaya, kwa kebo ileile kabla na baada. Rekodi hiyo kavu inaweza baadaye kupitishwa katika amplifaya moja, halisi au ya programu, kwa mipangilio isiyobadilika. Kisha ukubwa wa sauti usawazishwe, na hapa naomba msisitizo wangu usichukuliwe kuwa ni wa kupita kiasi. Sikio la mwanadamu husikia besi na sauti za juu kwa ukamilifu zaidi kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Watafiti Fletcher na Munson walichora jambo hilo kwa vipimo mwaka 1933. Pikapu iliyo kubwa kwa desibeli chache tu itaonekana nene, wazi na ya gharama, hata kama mkunjo wa masafa yake ni uleule. Sawazisheni kwanza, kisha mtu mwingine awachezee rekodi bila kuwaambia ipi ni ipi. Mkishindwa kuzitofautisha mara kwa mara, mmepata jibu, na ni jibu lenye thamani.

Ulinganisho huo wa mezani hautoshi peke yake. Pikapu ipigwe safi, kwa kodi pana na kwa noti moja moja. Ipigwe kwa mkwaruzo. Kisha volyumu ya gitaa ipunguzwe nusu na isikilizwe inavyosafika, kwa maana hapo ndipo pikapu nzuri na ya kawaida zinapoachana waziwazi. Halafu ipelekwe kwenye bendi. Pikapu inayosikika tamu chumbani ikiwa peke yake, yenye besi tele na sauti za juu laini, mara nyingi humezwa gitaa la besi na matoazi yanapoingia, na ile iliyoonekana nyembamba na yenye pua hukuta nafasi yake mahali pake. Kuhusu video za maonyesho, zitumike kujua mwelekeo wa jumla, na zile zinazolinganisha pikapu mbili katika gitaa moja kwa mpigaji mmoja zina maana. Zilizobaki zinatuonyesha zaidi mkono wa mpigaji na kazi ya mhandisi wa sauti.

Yamebaki ya ufundi, ambayo hukasirisha pale yanaposahauliwa. Nafasi kati ya vijiti vya hambaka haifanani kote: zipo za karibu milimita 50 na zipo za karibu milimita 53 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, na inayofaa hutegemea daraja la gitaa. Kifuniko cha shaba nyeupe ya nikeli huila sauti ya juu kidogo tu, ilhali cha shaba ya njano huila zaidi, kwa sababu ya mikondo inayozunguka ndani ya metali yenyewe. Hambaka yenye nyaya nne humruhusu fundi kuzipanga koili mfululizo, sambamba, au kutumia moja tu. Mpango wa sambamba unastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana, kwa kuwa hushusha indaktansi hadi karibu robo ya ile ya mfululizo, ukatoa sauti nyepesi na safi bila kurudisha mvumo.

Pikapu za watengenezaji wawili zikifungwa katika gitaa moja zinaweza kuwa kinyume cha mwelekeo, na zikiwashwa pamoja sauti hunywea na kukosa besi. Kabla ya kulehemu, ziunganisheni moja moja na mita ya mshale, gusisheni kijiti kwa bisibisi ya chuma na kuiondoa kwa ghafla, muangalie mshale unaruka upande gani. Upande ukitofautiana, badilisheni nyaya mbili za mojawapo, mkihakikisha kwanza kwamba kifuniko cha metali hakikuunganishwa na waya mnaouhamisha. Na ile pikapu inayotolewa ihifadhiwe pamoja na nyaya zake zote kwa urefu wake kamili, ikiwa na kikaratasi kinachoeleza ilikokaa, rangi za nyaya zake na kimo ilichokuwa nacho, kwa kuwa ndiyo itakayohitajika mezani siku ulinganisho unaofuata utakapofanywa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nipo tayari kupokea maswali, nikianza na mafundi walioko nyuma.